Mchanga hauna kasi moja ya sauti

Nimeulizwa tena: "Injinia, sauti kwenye huu mchanga inaenda kasi gani?" Kana kwamba kila mchanga ulizaliwa na namba yake ya kitambulisho.

Ugonjwa huu unatoka kwenye zege. Mtu amezoea mashine ya kilohezi 54 inayopima kasi ya sauti kwenye zege, anasoma mita 4,000 kwa sekunde, anaandika, anaondoka. Akija kwenye mchanga mkavu anategemea zaidi ya hapo, maana punje ni kwatzi, madini magumu, na kwatzi hupitisha sauti kwa karibu mita 6,000. Anapata 250. Chini ya kasi ya sauti hewani! Basi probu, kile kifaa cha kutuma na kupokea sauti, imekufa, anasema.

Haijafa. Wimbi linabanwa pale punje zinapogusana, na miguso hiyo ni midogo na laini mno. Zidisha msongamano kwa mraba wa kasi, upate ukakamavu: kwatzi, gigapaskali 95, mchanga wa kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, megapaskali 100. Jiwe lilelile, ukakamavu umeshuka karibu mara elfu.

Sasa kandamiza. Miguso inapanuka, kasi inapanda. Kwa hesabu ya Hertz, ya gololi zinazobanana, kasi hufuata mgandamizo kwa kipeo cha 1/6: ukitoka kilopaskali 10 hadi 100, iongezeke takribani mara 1.5. Vipimo vya mgandamizo mdogo hukaribia 1/4, yaani mara 1.8. Kwa nini? Wengine husema miguso mipya inazaliwa. Wengine, punje zina pembe, si gololi. Naegemea la kwanza, ila siapi, kwa sababu kasi peke yake haitenganishi hayo mawili. Ninachojua ni kwamba ripoti yenye kasi bila mgandamizo ni ya kufungia maandazi.

Masafa, yaani mitetemo kwa sekunde, haraka haraka: kwa kasi ya 300, megahezi 1 ni wimbi lenye urefu wa milimita 0.3. Punje ya nusu milimita inalitawanya lote. Shuka hadi kilohezi 50, upate milimita 6. Hata hapo, wape mafundi wawili skrini moja waonyeshe wimbi linapoanzia, watabishana, na wote watakuwa na hoja.

Halafu jeli. Ile ya kupaka kati ya probu na zege ili sauti ipite. Nani aliwaambia mpake jeli kwenye mchanga? Inalowanisha punje, unyevu unajibana kwenye miguso na kuzishikiza, kesho mnashangaa mchanga "umeimarika". Probu kavu, uzito unaojulikana juu yake, na uzito huo uandikwe.