Mama Apumzike, Lakini Siyo Hivyo

Juzi binti mmoja alimleta mama yake kliniki. Mama ana miaka 71, analalamika magoti hayana nguvu. Binti akanieleza kwa fahari jinsi wanavyomtunza: "Hatumruhusu hata kushika ufagio. Amehangaika na sisi vya kutosha." Nikamwomba mama akunje mikono kifuani, kisha ainuke kitini bila kushika popote. Akainama mbele, mapaja yakatetemeka, akarudi chini. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu akashika meza yangu ndipo akasimama. Miaka miwili nyuma alikuwa analima bustani yake ya mchicha.

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, na jambo hili linaniuma kwa sababu ninaliona karibu kila wiki. Tunawapumzisha wazee wetu kwa mapenzi, na miguu inakwisha hapo hapo kitini.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima, wa miaka 18 hadi 64, apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani yale ambayo ukiyafanya unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Juu ya hapo, siku 2 au zaidi za kutia misuli nguvu. Akivuka miaka 65, dakika ni zilezile, ila zinaongezeka siku 3 au zaidi za mazoezi ya nguvu pamoja na ya kujimudu asiyumbe. Soma tena hapo: kwa mzee, siku zinaongezeka. Misuli hupungua kadiri umri unavyokwenda, na ya mapaja ndiyo inayomwinua mtu chooni na kumdaka anapojikwaa. Ikilegea, anaanguka, na nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Rede, kombolela na kuruka kamba vinatosha kabisa, na kule kuruka kunakomaza mifupa. Walio kati ya mwaka 1 na 4 wanahitaji dakika 180 kwa siku, na ukiwaacha wacheze watazipata wenyewe. Kichanga ambaye bado hajatambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, jumla ya dakika 30 kwa siku, na asikae amefungwa mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo. Najua khanga inasaidia kazi ziende, lakini mfungue, anyooshe viungo, kisha umbebe tena.

Yule mama nimempa kazi ndogo. Kabla ya kila mlo ainuke na kuketi mara 5, kwanza akishika meza, baadaye bila kushika. Akiosha vyombo asimame, mguu mmoja mbele ya mwingine, ukuta uwe karibu. Jioni atembee hadi kwa jirani na kurudi. Hata dakika 5 zinahesabiwa; zamani mwongozo ulitaka zifike angalau 10 mfululizo, lakini sharti hilo limeshaondolewa. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, aache na amwone daktari.

Binti akauliza, "Na bustani je?"

Mama akajibu kabla yangu: "Kidumu cha lita 5 nitabeba mwenyewe."