Je, wajua kuwa mwanamieleka Kamala, "mlinzi wa Idi Amin", alitokea Mississippi, Marekani?

Waliokulia Mbeya miaka ya tisini watayakumbuka mabanda ya video. Letu lilikuwa Mwanjelwa, nyuma ya wauza mitumba: turubai, mabenchi sita, televisheni moja na deki yenye tabia ya kumeza mikanda. Kiingilio shilingi hamsini. Baridi ya Juni ilipokaza tulikuwa tunabanana humo na masweta yetu ya shule, na mwenye banda akitaka lijae hadi mlangoni, aliweka mieleka.

Siku moja likaingia ulingoni jitu ambalo hatukuwahi kuliona. Peku. Kiunoni kitambaa cha madoadoa ya chui, usoni rangi nyeupe, mwilini limechorwa nyota na mwezi. Likawa linajipiga tumbo kwa viganja, pa, pa, pa, huku limekodoa macho kama vile taa za ukumbini ndiyo kwanza linaziona. Mtangazaji alikuwa anapayuka Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa, lakini neno moja lilipenya: Uganda. Kaka mmoja wa sekondari, aliyesoma habari zake kwenye jarida, akatuambia jitu lenyewe linaitwa Kamala na lilikuwa mlinzi wa Idi Amin.

Banda likalipuka. Kule nyuma akalipuka mtu mwingine, kwa kicheko. Alikuwa mzee seremala aliyetengeneza yale mabenchi, na kila mtu mtaani alijua kuwa alipigana vita vya Kagera.

"Shikamoo mzee. Unacheka nini?"

"Marahaba. Wanangu, mimi Kampala nimefika. Watu wa Amin walikuwa wanavaa kunishinda mimi."

Tulidhani anatutania. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na jarida lilikuwa limebeba hadithi iliyotungwa Marekani.

Jina halisi la Kamala ni James Harris, aliyezaliwa mwaka 1950 huko Senatobia, jimbo la Mississippi, na kukulia mji jirani wa Coldwater. Familia yake ililima shamba la watu kwa kugawana mavuno, na baba yake alipigwa risasi akafa mtoto akiwa bado mdogo sana. Harris alipopata nguvu akachuma matunda Florida, akaendesha malori. Angezaliwa kwetu, bila shaka ungemkuta Uyole amepaki gari la Tunduma anasubiri chipsi. Lakini mtu mwenye urefu wa mita mbili na uzito unaozidi kilo 170 hapiti mahali bila kuulizwa kama hajawahi kufikiria mieleka. Alianza ulingoni mwaka 1978 kwa jina la Sugar Bear Harris. Akaenda kujaribu bahati Uingereza, akavunjika kifundo cha mguu, akarudi nyumbani bila jina la maana.

Mwaka 1982 akakutana na watu wawili wa Memphis: promota Jerry Jarrett na mwanamieleka Jerry Lawler. Hao ndio waliomfanya Mganda. Lawler ni mchoraji pia, na sura ya Kamala ilianzia kwenye michoro ya msanii Frank Frazetta, yule wa majitu na mapori. Kisha wakahitaji ushahidi kwamba jitu limetoka Afrika. Hawakukata tiketi ya kwenda Entebbe. Walikwenda shambani kwa Jarrett, Hendersonville, Tennessee, wakampaka Harris rangi, wakamwaga barafu kavu itoe moshi, wakapiga picha za video akitokea kwenye "ukungu wa msituni". (Ukungu! Wangemleta Kawetere, kwetu Mbeya, asubuhi ya mwezi wa sita wangeupata bure, na wangeukimbia.)

Sasa kwa nini Uganda, na kwa nini Amin? Kwa Mmarekani wa kawaida wa mwaka 1982, Afrika ilikuwa na sura mbili tu: pori la kwenye filamu, na Idi Amin wa kwenye taarifa ya habari. Promota alizichukua zote mbili akazivalisha mtu mmoja. Hakuna aliyejali kwamba haziendani. Sisi tunajua. Amin alivamia Kagera Oktoba 1978, daraja la Kyaka likavunjwa, Mwalimu akasema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kamala alipopewa kazi ya ulinzi, bosi wake alikuwa mkimbizi huko Saudi Arabia. Na wale watu wa usalama wa Amin waliotisha kweli, wa State Research Bureau, walijulikana kwa mashati ya maua, suruali za bwaga, viatu vya kisigino kirefu na miwani ya jua. Mganda wa mtaani aliogopa shati lililopigwa pasi. Hiyo ndiyo siri ya kicheko cha yule mzee.

Na jina? Wale wa Memphis walitaka kitu chenye mlio wa kiporipori. Kwetu Kamala ni jina la Kihaya, jina la watu wa Kagera, mkoa uleule ambao Amin aliuvamia. Dk. Diodorus Kamala aliwahi kuwa Waziri wa Ushirikiano wa Afrika Mashariki, na Nkenge, jimbo alilowahi kuliwakilisha, liko mpakani kabisa na Uganda. Kwa hiyo "mlinzi wa Amin" alitembea miaka yote hiyo na jina la upande uliovamiwa. Sijui kama ingewezekana kukosea vizuri zaidi ya hapo.

Bado, ulingoni Harris alikuwa fundi, na ufundi wake ulikuwa wa namna yake. Mieleka ya televisheni hupangwa: mshindi anajulikana kabla kengele haijalia, kazi ya mwanamieleka ni kukufanya usahau hilo. Harris alichagua kucheza mtu asiyejua mchezo wenyewe. Ili ushinde, sharti umlaze mwenzako chali, mabega yaguse chini, refa ahesabu tatu. Kamala alimlaza mtu kifudifudi kisha akamkalia, akamtazama refa kwa hasira kwa nini hahesabu. Meneja anaruka pembeni, anaonyesha kwa mikono, geuza, mgeuze! Naye hageuzi. Watu wakacheka huku wanaogopa, na kuvichanganya hivyo viwili kwa wakati mmoja si kazi ndogo. Pia hakutakiwa kuongea. Wanamieleka wa enzi zile walilinda siri ya kazi hadi mtaani, na jitu la msituni haliwezi kusikika likiagiza soda kwa lafudhi ya Mississippi.

Kuna na huyu msimamizi wake, aliyevaa kofia ngumu ya kikoloni na kinyago usoni, jina lake Kim Chee. Kimchi ni kabichi ya kuchachusha ya Wakorea. Nimejaribu kulitafutia maelezo jambo hili nikaacha.

Wakati ule mieleka ya Marekani ilikuwa imegawanywa kwa majimbo, kila promota na himaya yake. Jitu geni liliishi vizuri katika mpango huo: linafika, linavunja watu miezi kadhaa, stelingi wa pale analishinda, linahamia kwingine kabla halijazoeleka. Kamala alizunguka Tennessee, Louisiana, Texas, akapanda hadi WWF, kampuni kubwa ya mieleka, akapambana na Andre the Giant kisha Hulk Hogan. Tarehe 29 Agosti 1992 akaingia Wembley, London, kupigana na The Undertaker mbele ya uwanja uliofurika. Novemba mwaka huohuo wakarudiana, safari hii mshindi akitakiwa kumfungia mwenzake kwenye jeneza. Stelingi hafi, aliyefungiwa ni Kamala. Huo ndio mkanda tuliouona Mwanjelwa.

Harris mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kwa pambano la Wembley alilipwa dola 13,000, na mpinzani wake dola 500,000. Undertaker alikuwa nyota mkubwa zaidi, sawa. Lakini pigano ni la watu wawili, na mmoja wao alikuwa amevua viatu.

Mwaka 1993 WWF wakaja na wazo ambalo hadi leo linanikereketa. Wakamfanya Kamala mtu mwema, kwa kumpa mchungaji aitwaye Slick amfundishe kuishi kama binadamu. Moja ya masomo ilikuwa kurusha mipira ya boling. Mtu mzima wa miaka 42, dereva mwenye leseni, anafundishwa mbele ya kamera kwamba yeye ni mtu. Haikuchukua muda akaondoka kwenye kampuni.

Akarudi kwenye malori, akipanda ulingoni hapa na pale. Kisukari kilikuwa kinamla. Mguu wa kushoto ulikatwa Novemba 2011, na wa kulia mwaka uliofuata. Baada ya hapo akaanza kutengeneza viti vya mbao kwa mikono yake na kuviuza. Mwaka 2014 akatoa kitabu cha maisha yake na kukiita Kamala Speaks, yaani Kamala anaongea. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, akiwa na miaka 70, baada ya kuugua UVIKO.

Yule seremala bado yupo, ana karakana ndogo upande wa Soweto ya Mbeya, na masikio yake hayako vizuri. Juzi nilimpelekea habari hizi zote kwenye simu. Nikampazia sauti: yule Mganda wa banda la video, mzee, unamkumbuka? Alikuwa Mmarekani, mtoto wa wakulima. Miguu ilikatwa yote miwili, akawa seremala kama wewe.

Akanyamaza kidogo. Akasugua mikono kwenye aproni.

"Viti vya nini, vya kukunja?"

Nikasema vya mbao.

"Hilo nimesikia. Mbao gani?"

Sikuwa na jibu. Akanirudishia simu, akaokota msasa wake.