Koili ya projekta ikiungua, usikimbilie kisu

Lubumbashi ni mji wa shaba, na shaba hiyo hiyo ndiyo inayoponza projekta zetu za zamani. Mtu akiona koili, yaani waya wa shaba uliosukwa kuzunguka kiini, imekuwa nyeusi na inanuka vanishi iliyoungua, anaikata, anauza waya kwa kilo, kisha ananiletea kiini kitupu nikisuke upya. Nisuke mizunguko mingapi? Waya wa unene gani? Majibu yameuzwa pamoja na ile shaba. Kazi yangu ya kila siku ni mota za pampu na vinu, lakini koili za projekta ndizo zilizo moyoni mwangu. Kwa hiyo naomba: leteni koili nzima, hata ikiwa mkaa.

Halafu tuulize kwanza kilichoiua. Chukua sumaku ya umeme ya kubadilishia mashine. Ukumbi wa filamu za mm 35 ulikuwa na projekta mbili, kwa sababu reli ya mita 600 huisha kwa dakika kama 22, na ya pili lazima ipokee papo hapo bila watazamaji kushtuka. Koili inavuta kipande cha chuma, nacho kinafunga mwanga wa mashine moja na kufungua wa nyingine. Kwenye umeme wa AC, omu za waya, yaani ukinzani wake, peke yake hazitoshi kuzuia mkondo. Mkondo unashuka pale tu chuma kinapoingia hadi mwisho. Kikikwama njiani, mkondo unabaki juu na koili inaungua upesi. Jioni, majiko ya umeme yakiwashwa katika mitaa yetu ya Katuba na Kenya, volti 220 hushuka na sumaku huvuta nusunusu. Ongeza grisi ya miaka mingi iliyoganda na vumbi letu jekundu. Ukisuka koili mpya bila kusafisha njia ya kile chuma, nayo itaungua. Angalia pia pete ndogo ya shaba kwenye uso wa sumaku: ikianguka, sumaku inanguruma na kutetemeka, na lawama inaiangukia koili bure.

Koili za waya mwembamba hufa kwa namna nyingine. Spika nyingi za zamani hazina sumaku ya kudumu. Zina koili kubwa nyuma, na mara nyingi koili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha umeme wa amplifaya. Ikikatika, sauti yote inapotea, na watu wanabadilisha valvu, zile taa za kioo za amplifaya, moja baada ya nyingine bila faida. Mimi huanza kwa kufunua karatasi ya nje taratibu na kutazama kwa lenzi pale waya mwembamba ulipounganishwa na waya mnene wa kutokea nje. Mara nyingi utakuta doa la kijani: asidi ya kulehemea iliyoachwa pale, pamoja na unyevu, imekula shaba. Kwangua vanishi kidogo, lehemu kwa risasi yenye ulimbo, kamwe si asidi, funika kwa karatasi. Koili imepona bila kusukwa.

Ikibidi kusuka, projekta ya pili ndiyo msaada wako. Pima omu za koili yake iliyo nzima, na upime unene wa waya wa ile iliyoungua kwa mikromita baada ya kuondoa vanishi. Waya wa shaba wa mm 0.1 una karibu omu 2.2 kwa mita. Tuseme umesoma omu 1,100: hizo ni mita 500, na ikiwa mzunguko wa wastani ni sm 10, unahitaji mizunguko kama 5,000. Hesabu hii ni ya kukagulia tu. Kama waya wa zamani bado unafunguka, ufungue kwenye mashine yenye kihesabio, maana hapo unapata idadi kamili.

Vanishi ipewe muda wa kukauka. Msimu wa mvua huwa naikausha koili kwenye oveni, nyuzi 80 hivi, usiku kucha kabla ya kuipaka, kisha tena baada ya kuipaka.