Njia ya miguu si barabara iliyokosa greda

Tangu masika yaishe, barua za kuomba greda zimejaa mezani kwetu. Nyingi zinatoka vijiji vya mlimani hapa Moshi, na karibu zote zinasema hivi: njia inayotuunganisha na wenzetu wa ng'ambo ya korongo imeharibika, tunaomba ichongwe. Nia yenu ni njema na shida tunaiona. Hata hivyo, ukipitisha greda kwenye njia ya miguu yenye mteremko mkali, unayapa maji mfereji wa bure. Masika yajayo mtaandika barua nyingine, safari hii kuhusu bonde.

Mnaoishi kwenye migongo ya Kilimanjaro mnajua jiografia yenu. Jirani unamwona, ukiita anaitika, lakini kumfikia kwa gari lazima ushuke hadi karibu na mjini ndipo upande tena upande wa pili. Kwa hiyo kinachobeba maisha ni ile njia inayoshuka korongoni: wanafunzi, wagonjwa, akina mama wenye mizigo ya majani ya ng'ombe, kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi. Njia hiyo inahitaji ufundi wa aina yake.

Kinachoua njia mlimani ni maji. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza, na ukipata mkondo unachimbika. Pangeni mawe au magogo kwa mshazari kukatiza njia, ncha ya chini ikielekea pembeni, ili maji yatoke kabla hayajapata nguvu. Kwenye mteremko mkali weka moja kila hatua 15 hadi 20. Palipo tambarare kiasi, hata hatua 40 zinatosha. Maji hayo yasielekezwe uani kwa mtu. (Ndiyo, imebidi niandike hilo.) Ukikuta mfereji wa asili wa kumwagilia unakatiza njia, zungumza kwanza na kamati ya mfereji, kisha weka bomba au kalavati dogo. Njia nyingi nilizokagua zilikuwa zinaoza kwa sababu ya mfereji unaovuja juu yake. Mvua ilikuwa inasingiziwa tu.

Upana usipungue mita moja na nusu, na mita mbili pale baiskeli zinapopishana. Matawi yakatwe juu ya kichwa cha mtu aliyejitwika mzigo, si juu ya kichwa cha fundi anayepima. Panapohitaji ngazi, acheni ukanda laini pembeni wa kusukumia baiskeli. Tambarare za Mabogini na Kahe mambo ni tofauti: huko baiskeli ndiyo gari, na tatizo ni tope. Inueni njia kwa kifusi, mshindilie, muache mtaro pande zote mbili.

Sasa taratibu, maana hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, unahudumia barabara zilizo kwenye mtandao wake. Ile shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta iliyoongezwa mwaka 2021 ilikusudiwa barabara hizo. Uchochoro kati ya vihamba viwili (mashamba ya nyumbani ya ukoo) kwa kawaida haumo humo. Uko chini ya halmashauri ya kijiji. Kusema "barabara zote ni za serikali" hakuusogezi mchanga hata ndoo moja.

Anzeni kwenye kitongoji. Hoja iende halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila miezi mitatu. Kwa kuwa njia inaunganisha vijiji viwili, vijiji vyote viwili vipitishe, kila kimoja kwa muhtasari wake, ndipo hoja ipande kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Tumepokea muhtasari wa upande mmoja ulioamua njia ipite kwenye migomba ya upande mwingine.

Anayetoa ardhi atoe kwa maandishi, na mwenzi wake aridhie kwa maandishi. Ridhaa ya mdomo haitoshi. Kihamba ni cha ukoo. Kaka yuko Dar es Salaam, Desemba anarudi nyumbani kwa Krismasi, anakuta masale, mimea ya mpakani, yameng'olewa na watu wanapita. Msaragambo (kazi ya pamoja) wa siku nzima unageuka kesi ya miaka. Mwandikieni kabla.

Kwa kivuko cha mtoni, shirikisheni mapema Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko hapa hapa Moshi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, na kutoboa kingo bila kibali ni kosa hata kama nia ni njema. Magogo ya kivuko hayakatwi ndani ya hifadhi: msitu wa hifadhi uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, na "tulikuwa tunakata tangu zamani" si kibali.

Kuhusu bodaboda, wengi wanaomba vigingi mdomoni mwa njia. Penye upenyo wa baiskeli ya mizigo au kiti mwendo, pikipiki nayo hupita. Dawa yake ni sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji huiandaa, mkutano mkuu huijadili, halmashauri ya wilaya huiidhinisha. Kabla ya idhini hiyo, faini yoyote ni batili, na mgambo aliyeipokea anaweza kudaiwa airudishe. Baada ya idhini, faini ni ile iliyoandikwa, kwa stakabadhi, wala haiongezwi kwa sababu dereva amejibu vibaya. Aliyejenga ukuta au kupanda migomba ndani ya njia hupewa notisi ya maandishi yenye muda wa kuondoa. Akikaidi, shauri liende baraza la kata. Msikate migomba ya mtu usiku.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mipango ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Mkija ofisini, leteni mihtasari miwili, ridhaa za wenye ardhi na mchoro, hata wa kalamu ya risasi, unaoonyesha maji yanatoka wapi na yanaingia wapi.