Je, wajua kwa nini chujio halitoi rangi kwenye maji?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba maji yaliyotiliwa rangi miyaa ya mikeka, yale yanayobaki sufuriani yakiwa mekundu, yangesafika iwapo yangepitishwa kwenye kitambaa kizito. Siku moja, hapa Mikindani, niliikunja kanga mara nne nikayachuja. Maji yalitoka mekundu vilevile, kanga ikaingia rangi, nami nikaamua kwamba kinachohitajika ni kanga nzito zaidi.

Nilidhani rangi ni kama machicha ya nazi, ambayo hubaki kwenye kifumbu kwa kuwa hayapiti matunduni. Kumbe rangi ya unga ikishayeyuka huwa molekuli moja moja, na tundu la kitambaa huizidi molekuli hiyo kwa makumi ya maelfu ya mara, hivyo rangi hupita hata vifumbu mia vikipangwa kimoja juu ya kingine. Jibu lilikuwa doa lililobaki kwenye kanga, nami nilikuwa nimeshalifua kwa sabuni.

Rangi hizi za kutengenezwa zilianza mwaka 1856, mkemia Mwingereza William Perkin alipopata zambarau akitafuta kwinini. Nyingi zinaweza kutolewa majini kwa kunatishwa kwenye kitu kingine. Ukipita porini, kishona nguo hung'ang'ania kanga lakini huteleza kwenye mfuko wa plastiki: ukubwa wa matundu hauhusiki, bali kulabu za mbegu kukutana na nyuzi zinazozipokea. Katika maji, kulabu hizo ni chaji za umeme. Kitosani, polima (molekuli ndefu kama mnyororo) inayopatikana kwa kuchemsha maganda ya kamba na kaa yaliyosafishwa katika kostiki soda kali, hupata chaji chanya maji yakiwa na uchachu kidogo, na rangi nyingi za nguo zina chaji hasi, nazo chaji hizo mbili huvutana. Uchachu ukizidi, kitosani yenyewe huyeyuka, isipokuwa minyororo yake iwe imefungwa pamoja.

Methilini bluu, rangi ya buluu yenye chaji chanya, huipita kitosani kama mgeni asiyemjua mwenye nyumba, na pakiti za rangi sokoni mara nyingi hazielezi kilichomo. Aidha, majaribio mengi ya maabara hutumia maji safi yenye rangi moja, ilhali maji halisi yana chumvi na sabuni zinazogombea nafasi zilezile.

Nafasi zikijaa, kitosani huoshwa kwa maji ya kostiki soda, nayo huiachia sehemu kubwa ya rangi, safari hii ikiwa nzito zaidi, ndani ya ndoo ndogo.