Pensheni yako haiendi kwa dalali, wewe ndio unampelekea

Wiki iliyopita nimesikia tena, mara ya nne tangu mwezi uanze, nikasema leo naandika juu nimechoka kurudia kwa mtu mmoja mmoja hapa ofisini. Mimi nashughulikia kodi na madeni ya watu hapa Nakuru. Wateja wangu ni walimu, watu wa matatu, wenye agroveti za Njoro na Molo, na wale wameachishwa kazi mashamba ya maua Naivasha, na wote, waliosoma na wasiosoma, wanakuja na ile hadithi moja: "Madam, nikishindwa na loni si watachukua pensheni? Afadhali niitoe mapema."

Hapana. Tena hapana.

Pesa ikiwa bado kwa skimu, yaani mfuko wa pensheni, Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya 1997 inasema hukumu ya korti dhidi yako haiwezi kutumiwa kunasa michango yako wala ya mwajiri wako, isipokuwa kanuni za skimu yenyewe ziwe zinaruhusu. NSSF, ule mfuko wa serikali wa akiba ya uzeeni, nayo ina kinga yake. Dalali wa korti anaweza kuja na amri abebe tivi, abebe friji, abebe pikipiki, lakini hawezi kupigia skimu simu aitishe akiba yako ya uzeeni. Iko mahali mkono wake haufiki, na mtu wa pekee mwenye ufunguo wa hapo ni wewe, na wewe ndio unaenda kufungua kwa haraka ukidhani unaficha!

Kuna mzee mmoja, namuita mzee lakini hajafika hata 45, alikuwa dereva wa kampuni kwa miaka 11 kabla wapunguze watu. Alikuja na statementi ya skimu ndani ya karatasi ya mkate, imekunjwa mara nne mpaka namba zilizo kwa mkunjo zimefutika, nikaishika dirishani kwa mwanga ndio nikasoma. Kumbe hiyo ni ya zamani, pesa ameshaitoa. Alikuwa na loni ya sacco (chama cha akiba na mikopo) ya duka la bibi yake, 380,000, jamaa wa steji wakamwambia wakopeshaji wanakujia pensheni kwanza, akajaza fomu mwenyewe, kodi ikakatwa, fungu la mwajiri sehemu ikabaki huko hadi astaafu, halafu kilichotoka kikaingia kwa akaunti yake iliyo kwa huyo huyo anayemdai, na kabla asubuhi ifike kimemezwa na deni. Akaniuliza, "Madam, si nilikuwa naiokoa?" Nikanyamaza. Ningesema nini na ameitoa mahali haiguswi akampakulia mdai mezani na kijiko kando.

Na hapo kwa kodi ndio watu wananimaliza kabisa. Tangu 27 Desemba 2024, ile sheria ya kurekebisha sheria za kodi ilipoanza kazi, pensheni haikatwi kodi ukiichukua ukiwa umefika umri wa kustaafu kwa kanuni za skimu yako, ama umestaafu mapema kwa sababu ya ugonjwa, ama umemaliza miaka 20 tangu uwe mwanachama. Basi. Sasa mtu anasikia nusu ya habari kwa redio akiwa kwa matatu, anaelewa "pensheni siku hizi haina kodi", anatoa akiwa mwaka wa 11, anakatwa, alafu anakuja kunipigia kelele mimi kama ni mimi nilikata. Huyo dereva angeiacha pale pale ilipokuwa, ama angeihamisha kwa skimu ya mtu binafsi, kuhamisha hakukatwi kodi, alafu tukae chini tuongee na sacco kuhusu kupanga malipo upya. Sacco hukaa chini na wewe, mkopeshaji anataka pesa yake, hataki kesi. Lakini watu wanakuja kwangu baada ya kuharibu, hakuna anayekuja kabla.

Cha kuchunga ni kimoja. Sheria inakuruhusu kuweka mpaka 60% ya akiba yako kama dhamana ya mkopo wa nyumba, na hapo ukisaini umefungua mlango mwenyewe, usiseme hukuambiwa. Na ikishatoka, ikishagusa akaunti yako, ni pesa tu kama pesa ya kuuza viazi, hakuna anayeuliza ilikuwa pensheni ama nini.

Halafu hili neno kufilisika mnalitupa ovyo. Kukaukiwa si kufilisika. Muflisi ni mtu ambaye Mahakama Kuu imemtolea amri chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, mali yake inashikwa na msimamizi, na ukishawasilisha taarifa yako ya mali na madeni unahesabu miaka 3 unatoka mwenyewe, isipokuwa kuna mtu amepinga. Si kifungo cha maisha. Vifaa vya lazima vya kazi yako na vyombo vya lazima vya nyumba unabaki navyo, ndani ya kiasi kilichowekwa, kwa hivyo fundi habaki anaangalia mikono yake. Na yule hana mali yoyote, madeni yake yako kati ya 100,000 na 400,000 na hajawahi kutangazwa muflisi, ana njia yake nyepesi zaidi, miezi 12 na imeisha. Sijawahi kuona mtu akiniuliza hiyo. Wanachojua ni kuzima simu na kuhama mtaa wa Pipeline usiku. (Kitu hakifutwi hata ukiwa muflisi ni pesa ya matunzo ya watoto na deni la wizi wa ujanja, wanaume wengine huniuliza hiyo ya matunzo wakiwa wanaangalia chini.)

Zingine nazipitia haraka.

"Nikifilisika watoto watatolewa SHA." Hakuna uhusiano kabisa. SHA, bima ya afya ya serikali, inaangalia mchango, 2.75% ya mshahara, na haiendi chini ya 300 kwa mwezi. Shida ya ukweli ni kazi ikiisha, mwajiri anaacha kukata na wewe unakaa miezi sita ukidhani uko ndani. Ingia kwa mfumo, jibu yale maswali ya mapato ya nyumba, lipa ya mwaka kama mtu asiye na mshahara. Na ukiwa huko angalia watoto wote wameandikwa chini yako, nimeona familia inajulia wodini mtoto wa tatu hayumo.

"Mama yangu atakatwa zile 2,000 za Inua Jamii juu mimi nina deni." Zile ni za mama, msaada wa serikali wa kila mwezi, si zako. Kwa wazee swali ni kama amefika 70 na kama ana pensheni, hakuna anayeuliza kijana wake anadaiwa na nani.

"Deni la mume ni la mke." Kama hukusaini na hukuwa mdhamini, kwa kawaida si lako. Kama ulisaini "ili tu asaidike", ni lako, na machozi hayasaidii.

"Waliondoa nafuu ya kodi ya ile levi ya nyumba, kwa hivyo tumeibiwa." Hii nayo walimu wanaipenda. Levi ni yale makato ya mshahara ya kujengea nyumba za bei nafuu. Chukua kalamu. Mshahara 60,000, levi ya nyumba 1.5% ni 900. Zamani ulirudishiwa nafuu ya 15% ya hiyo 900, yaani 135. Siku hizi hiyo 900 yote inatolewa kwa mshahara kabla kodi ihesabiwe, na kama uko kwa ngazi ya kodi ya 30% umeokoa 270. Mara mbili. SHA pia inatolewa hivyo hivyo, na kwa michango ya pensheni kiwango cha juu kinachotolewa hivyo kilitoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Levi yenyewe kama huipendi ni mambo mengine, lakini hesabu ni hesabu. Aliye na mshahara wa 20,000 ndio haoni tofauti, juu kodi yake ilikuwa tayari imemezwa na ile nafuu ya 2,400 ya kila mtu.

"Mwajiri anaweza kukata mshahara wote alipe loni zangu." Makato yote kwa jumla hayafai kuzidi theluthi mbili. Leta peislipi tuhesabu, usinisimulie kwa simu.

Na kwa sababu tumefika kwa karatasi: kila Januari toa statementi ya NSSF, ya skimu ya kazi na leja yako ya iTax (mfumo wa kodi wa mtandaoni), weka kwa faili moja. Moja. Si kwa karatasi ya mkate, si picha kwa simu ya mtoto. Nusu ya saa zangu zinaliwa na watu wakitafuta kitu walikuwa nacho.

Ya mwisho ni hii ya kwamba mtu hana kazi ama amefilisika hafai kujaza ritani ya kodi. Ukiwa na PIN ya kodi na hukupata shilingi unajaza ya sufuri, mwisho 30 Juni, ukichelewa faini inaanzia 2,000. Na ukija kwangu tarehe 30 saa kumi na moja jioni hata paswadi ya iTax huikumbuki, utapata nimefunga mlango niko zangu kwa supu.