Hakuna anayetia sukari kwenye Sauternes ili iwe tamu

Nianze na jibu, maana swali limenichosha: hakuna mtu anayemimina sukari kwenye Sauternes, mvinyo mtamu wa kusini mwa Bordeaux, Ufaransa, ili iwe tamu. Wiki hii nimeulizwa tena, na mgeni aliyekuwa amesimama katikati ya mizabibu ya Barsac, kijiji kimojawapo cha huko, vichala viko mbele ya pua yake: "Dada, lakini mwishoni si wanaongeza sukari kidogo?" Kazi yangu ni kuwapeleka watu kuonja mvinyo kusini mwa Bordeaux, na imani hii inanikera kuliko zote kwa sababu anayekuja nayo haonji. Ameshajiamulia kwamba kapewa mvinyo wa kawaida uliokorogewa sukari, basi anakunywa kile anachokiamini, na kilichomo kwenye glasi kinampita.

Utamu huu umetokana na maji yaliyoondoka. Aliyewahi kuona sukari guru ikipikwa ameshanielewa: maji ya muwa yanapungua jikoni, sukari iliyokuwamo inabaki na kukolea. Hapa kinachopunguza maji ni kuvu, Botrytis cinerea, tena zabibu zikiwa bado mtini.

Ciron ni mto mdogo unaotoka upande wa misitu ya Landes, na maji yake ni ya baridi kwa sababu sehemu kubwa ya njia yake imefunikwa na miti. Unaingia kwenye mto Garonne, wenye maji ya vuguvugu zaidi, karibu na Barsac na Preignac. Septemba na Oktoba, baridi ya mmoja ikikutana na joto la mwingine, asubuhi ukungu unatanda juu ya mashamba. Kuvu inastawi na kutoboa maganda ya zabibu kwa matundu usiyoweza kuyaona. Mchana jua likifukuza ukungu, maji yanatokea kwenye matundu yale na punje inanywea. Jua lisipotoka, kuvu ile ile inakuwa uozo wa kijivu, na mavuno yameharibika. Ndiyo maana Château d'Yquem, ambalo mwaka 1855 lilipewa daraja la peke yake juu ya mashamba mengine yote ya Sauternes na Barsac, halikutoa mvinyo wake mtamu wa mwaka 1992 wala wa 2012. Kama kazi ingekuwa kufungua gunia la sukari, nani angekubali kupoteza mauzo ya mwaka mzima?

Sasa tupige hesabu. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita ya juisi, hamira huzigeuza kuwa asilimia moja ya alkoholi. Mvinyo usio na utamu, wenye alkoholi ya asilimia 13, unahitaji juisi yenye gramu 220 hivi kwa lita. Zabibu zilizonywea vizuri za Sauternes hutoa juisi yenye gramu 350 hivi. Hamira inakula mpaka asilimia 13 au 14, kisha inaelemewa: alkoholi imeizidi nguvu, na kuvu nayo imeacha vitu vinavyoikwaza. Mtengenezaji anaimalizia kwa ubaridi na salfa. Zinabaki gramu 120 hivi kwa lita. Hizo ndizo unazozionja, na zilikuja ndani ya zabibu.

Ukibahatika kufika wakati wa mavuno, omba uoneshwe kichala kimoja tu. Juu utakuta punje bado ni za rangi ya dhahabu na ngumu. Katikati zimekuwa za zambarau iliyochanganyika na kahawia, ganda linateleza ukiligusa. Chini kuna zilizokunjamana na kushika vumbi la kijivu, na hizo ndizo zinazotakiwa. Mchumaji anazikata kwa ncha ya mkasi na nyingine anaziacha mtini. Akisikia harufu ya siki, anakata sehemu hiyo na kuiangusha chini. Baada ya siku kadhaa anarudi kwenye mzabibu ule ule, kisha tena na tena. Kila mzunguko wenyewe wanauita "trie". Wasomaji wangu wa Dodoma wamezoea kuvuna mara mbili kwa mwaka, misimu miwili kamili. Hapa msimu ni mmoja, lakini mstari mmoja wa mizabibu unaweza kupitiwa mara tano au sita, miaka mingine mpaka Novemba. Sheria inaruhusu hektolita 25, yaani lita 2,500, kwa hekta, na mashamba makini mara nyingi hayafiki hata hapo. Yquem husemwa kwamba mzabibu mmoja unatoa glasi moja. Ukiona bei na kushtuka, kumbuka mchumaji huyo na mkasi wake.

Hata kukamua kwake ni kwingine. Katika mvinyo mwingi juisi inayotangulia ndiyo inayothaminiwa. Hapa juisi tamu zaidi ni ya mwisho, kwa sababu punje zilizonywea kabisa ndizo zinazochelewa kuachia kilichomo.

Najua mkanganyiko unakotoka. Ufaransa kweli ina desturi ya kutia sukari kwenye juisi, na imebeba jina la Jean-Antoine Chaptal, mkemia aliyekuwa waziri wa Napoleon. Lakini sukari hiyo hutiwa kabla juisi haijamaliza kuchachuka, hamira inaila yote, na lengo ni kupandisha alkoholi. Hukusudiwi kuionja. Halafu kuna mvinyo wa kusini, Rivesaltes, Banyuls, Muscat ya Beaumes-de-Venise: hawa humimina pombe kali katikati ya kuchachuka, hamira inakufa, sukari ya zabibu inabaki. Kilichoongezwa hapo ni pombe. Watu husikia habari hizi mbili nusu nusu, wanaziunganisha, wanazibandika kwenye Sauternes. Na nisifiche: katika miongo ambayo Sauternes iliuzwa kwa bei ya kutupa, wapo wakulima waliotia sukari kwenye juisi dhaifu ya miaka mibaya, wakavuna kila kitu kwa mkupuo mmoja. Mvinyo wa namna hiyo unajitangaza wenyewe: utamu unatangulia, na nyuma yake hakuna kinachofuata.

Vitabu vitakuambia kuvu ndiyo siri yote. Mimi nina shaka. Kule Jurançon, kusini-magharibi mwa Ufaransa, zabibu za aina ya Petit Manseng huachwa zikauke mtini bila kuvu, na mvinyo wake mtamu ni wa hali ya juu. Nimeona waonjaji wazoefu, chupa zikiwa zimefunikwa, wakibabaika kusema glasi ipi ina kuvu na ipi imekaushwa tu. Wala kuvu haifanyi kazi ya kukausha peke yake. Inakula sukari yenyewe, inakula na asidi, inaacha harufu zake, za asali na ganda la chungwa lililokaushwa. Ni kiasi gani cha unachokipenda kimetoka kwake na kiasi gani kimetoka kwa jua? Nani anayeweza kukutenganishia hayo kwa uhakika?

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka mgeni aondoke nalo: sukari nyingi zaidi si mvinyo bora zaidi. Mwaka 2003 joto lilikuwa kali, mvinyo ukatoka mzito, utamu umejaa, uchachu mdogo. Mwaka 2001 una utamu na uchachu unaovutana mpaka mwisho wa ulimi. Wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaoutetea 2003. Mimi nachagua 2001 bila kufikiri.

Kwa hiyo ukionja, acha kuwinda sukari. Uzungushe mvinyo mdomoni, uteme, kisha subiri. Mate yakikujaa pembeni mwa ulimi, uchachu upo na mvinyo una maisha marefu mbele yake. Mdomo ukibaki unanata, haupo. Ukiweza, linganisha na wa Barsac, ambako mizabibu imesimama juu ya mwamba wa chokaa na mvinyo mara nyingi huwa mwepesi zaidi. Château Climens la huko hutumia zabibu za aina moja tu, Sémillon.

Angalia pia unavyohudumiwa. Shamba moja ambalo sitalitaja lilitupa mvinyo ukiwa umetoka moja kwa moja kwenye friji, na keki ya chokoleti pembeni. Nilisikitika sana. Baridi kali inaficha harufu. Nyuzi 10 mpaka 12 zinatosha. Na kitu kitamu kuliko mvinyo kinaufanya mvinyo uonekane mwembamba na mchungu. Omba jibini ya Roquefort, yenye chumvi, au kuku wa kuokwa. Nyumbani kwangu tunaunywa na samaki wa kupaka, nazi na pilipili zikiwa zimekolea, na sijaona mgeni aliyerudisha glasi yake.

Yaliyobaki ni mafupi. Panga miadi mapema, maana mashamba mengi hayapokei mtu anayebisha hodi tu, na wiki za mavuno, mengine hufunga kabisa. Kutema kwenye ndoo si utovu wa adabu. Kiwango cha sheria kwa dereva Ufaransa ni gramu 0.5 za alkoholi kwa lita ya damu, na asilimia 14 inakufikisha huko haraka. Ukinunua, nusu chupa inatosha watu wanne. Ikibaki, izibe uirudishe kwenye friji. Itakaa wiki nzima bila kuharibika.